Majivu Yapoe Kwanza

Siku ya tisa leo mlima haujaonekana.
Ukungu umeshuka hadi kwenye masale ya mpaka,
kuku wamegoma kutoka, na mimi
nimevaa koti lako la ibadani, lile la zambarau,
maana langu limelowa na Machame nzima haina jua la kulikausha.

Ulisema wiki tatu tu, kitovu kikidondoka narudi.
Mtoto wa Dodoma sasa anacheka, namsikia kwenye simu,
na maharage yamefika kutoka shamba la chini,
magunia mawili na nusu.
Hiyo nusu nimempa Ndekirwa aliyeyapandisha kwa pikipiki.

Umeyauma? unauliza.
Nimeyauma. Jino limezama.
Basi bado. Yapandishe darini,
uwashe moto wa moshi, si wa kuota.

Miaka thelathini na nane nilipanga barua za watu pale posta,
Uru, Kilema, Mwika, kila moja na kijumba chake,
sikujua kwamba jikoni kwangu
kuna moto wa moshi na moto wa kuota.

Nikapanda ngazi na tochi mdomoni.
Huko juu, Aikaruwa, nimekuta maisha yako mengine:
mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake,
meusi kama meno ya mvuta kiko,
ndizi ulizozikata vipande mwaka juzi, ngumu kama soli,
mnafu mkavu ndani ya kopo la rangi,
na pilipili kichaa ndani ya soksi yangu.
Soksi yangu ya kijivu!
Niliyoitafuta mpaka nikamsingizia mbwa.

Siku ya nne nikauma tena. Jino likagoma.
Sasa majivu, ukasema. Ya majani ya mgomba.
Yachekeche kwa lile chekeche la zamani,
si la unga, tafadhali, si la unga, halafu
mtandao ukakata.

La zamani sikuliona.
Nikachekecha kwa la unga.
Nikayamimina majivu yangali na usingizi wa moto ndani,
nikachanganya, nikakaza mdomo wa gunia kwa kamba ya katani,
nikajisifu, nikalala.

Usiku wa manane pua ikaniamsha.
Kama kuna jirani aliyechungulia, ameona
mzee mwenye koti la zambarau
akikimbia na ndoo mvuani, akiliapiza gunia.
Limeungua debe moja.
Nasema debe. Lilikuwa debe na kitu.

Asubuhi ukapiga:
nilisahau kukwambia, majivu yapoe kwanza.
Nikasema, yalipoa.

Yaliyolowa hayangoji. Nimeyapika siku hiyohiyo,
na kesho yake, na kesho yake tena,
na ndizi mshare, na magadi kwa ncha ya kisu,
nikaponda kwa mwiko mpaka bega likalia.
Kiburu kikatoka cha rangi ya barabara.
Ndekirwa alikula sahani mbili, akauliza
hicho ni kiungo gani.
Nikamwambia, cha ukoo.

Malimau nayo nimeyatia chumvi, chupa nne.
Jua likichungulia, dakika kumi, robo saa,
nazihamisha kutoka dirisha la chumbani hadi la sebuleni
kama wagonjwa wanaooteshwa.
Bado hayajalainika. Nayatikisa, nayasemesha.

Pilipili za mwaka huu nimezivuna mwenyewe.
Nimezitia kwenye soksi ya pili,
nikaining'iniza darini kando ya mwenzake.

Ukirudi utanusa gunia, najua. Utanusa na koti.
Hutasema kitu.
Utazamisha mkono kwenye maharage mpaka kiwiko,
utatoa majivu kiganjani, uyasugue kwa kidole gumba,
uone yalivyo laini kupita kawaida,
kisha uniulize, polepole, hata kofia hujavua,
ni chekeche lipi.